Matuta Yaliyoliwa kwa Chini

Kru, kru, kru. Mpaka leo nikinyamaza nausikia mlio huo. Nilikuwa nimejilaza kati ya matuta ya mama pale Didia, nikiota mchana jinsi nitakavyotembea Kahama nimevaa sare, ndipo ukanijia chini ya sikio. Kama mtu anayetafuna muwa taratibu, asiyeogopa kufumaniwa.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami nimemaliza darasa la nne. Shangazi yangu wa Kahama alikubali nikae kwake nisome la tano, ila alituma neno kwamba kwake vinywa ni vingi, nije na gunia langu la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Gunia lenyewe lilikuwa bado ardhini. Viazi vilishakomaa, lakini mama alisubiri jua la kiangazi. Ukivikata vipande na kuvianika kabla jua halijakaza, vinaota ukungu. Hata matembele alitukataza kuchuma, ili viazi vinenepe. Majani yakasitawi kweli kweli, wapita njia wakayasifu.

"Mayu, kuna kitu kinakula huku chini," nilimwambia mama.

Alichimba tuta moja. Juu majani mabichi, chini shimo. La pili vilevile. Fuko alikuwa amepita kwa ndani, tuta hadi tuta, akatuachia maganda. Jirani yetu alikuja kutazama, akaegemea jembe lake.

"Mwenzangu, wewe hulimi," akamwambia mama. "Wewe unafuga."

Tulicheka wote, mama naye.

Baba alijaribu kila alilolijua. Alimwaga maji shimoni, ardhi ikayanywa. Akachoma pilipili na samadi kavu, moshi ukaturudia wenyewe. Mwisho akatega. Alifungua njia ya fuko, akaweka kitanzi mlangoni na kukikaza kwa fimbo iliyopindwa, maana fuko akisikia upepo unaingia huja kuziba. Kesho yake fimbo ilikuwa imenyooka, fuko ananing'inia. Nilitarajia dude. Kumbe kanyama kadogo, kanene kama kiazi, macho hayaonekani, meno ya njano yamechomoza nje ya midomo. Nilishindwa kumchukia. Nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Tulichimba shamba zima. Tulichopata hakikujaza hata ungo, na nyumbani tulikuwa wengi.

"Mwakani, mwanangu," mama alisema.

Sote wawili tulijua kwamba nafasi ya la tano haimngoji mtu hadi mwakani.

Wazazi walipoondoka kwenda kunywesha ng'ombe, mimi nilibaki. Kwenye udongo uliofukuliwa niliokota kiazi kilicholiwa nusu. Nikakata upande wenye alama za meno, nikaumenya uliobaki, nikaukata vipande vyembamba kama mama anavyofanya. Kisha nikavipanga juu ya jiwe lenye jua, kimoja kimoja, visigusane.