Kalamu za Mzee Shaib

Nyumbani kwetu Barabara ya Nane, kalamu za wino zilikuwa nyingi kuliko mashati ya baba. Shati likichanika kwapani alisema litashonwa tu, haraka ya nini. Kalamu ikikwama wino, nyumba nzima haikai. Mzee Shaib alitoka Pemba kijana, akaja Tanga, akapata riziki kwa khati yake: kadi za harusi, shahada za madrasa, majina ya maarusi kwenye bahasha. Hata baada ya watu kuanza kualikana kwa simu, walikuwapo Ngamiani waliosema kadi ambayo haikuandikwa na Mzee Shaib hiyo si harusi, ni mkutano.

Kila Ijumaa baada ya sala liliwekwa beseni la maji ya vuguvugu barazani. Tulikaa mkekani sote, yeye, mama yetu Bi Tuhfa, Mungu amrehemu, kaka yangu Zubeiri na mimi, tukiosha kalamu. Zilifunguliwa, zikalowekwa ncha, zikafutwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Mama alikuwa na yake ya kijani ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba alikuwa akinusa wino kama wengine wanavyonusa iliki. "Kalamu ya wino ni jamaa yako," alisema. "Usipoisemesha, inakununia."

Mimi nilizipenda kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa tatizo. Mimi ni mashoto. Zubeiri alipohitimu Kurani alipewa kalamu ya Kijerumani, akaiacha ikakauka wino mtotoni mwa meza. Mimi nilipohitimu nilipewa kanga. Kila nikiandika herufi za Kizungu kwa kushoto, mkono uliburuza wino mbichi, ukurasa ukawa matope, na baba akanichapa rula ya vidole. "Mkono huo ni wa chooni, Mwatima. Hauandiki jina la Mungu." Nikajifunza kuandika kwa mkono mwingine, khati mbaya mno, na nilipoingia chumbani kwangu nikarudi kushoto. Nilipokuwa fundi cherehani nikajinunulia kalamu yangu mwenyewe. Sikumwomba mtu.

Sasa mwaka huu, baada ya mfungo, baba akaanguka na kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala, mkono ukawa unaning'inia. Maneno nayo yakaondoka, likabaki moja tu: basi. Ukimwamkia, basi. Akitaka mto ugeuzwe, basi. Akiumwa, basi. Mtu aliyeandika majina ya nusu ya mji huu amebakiwa na neno la kufungia mazungumzo.

Hospitali alikula. Wauguzi walimlisha uji, akameza vizuri, daktari akasema tumpeleke nyumbani. Kufika nyumbani, kwangu mimi binti yake, akagoma. Nakaa kitandani ubavuni pake, namkumbatia kichwa na mabega asianguke, naleta kijiko, anafumba kinywa. Nikisukuma anaupiga mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, uji unamwagika shukani. "Basi." Maji alikunywa, kwa mrija, kikombe nikikiweka mezani akavuta mwenyewe. Chakula hapana. Nikapika uji wa mchele, nikapika wa ulezi, nikatia tui, nikasaga ndizi. Jirani yetu akaniambia mgonjwa haulizwi uji, we mpe tu. Nikampa tu. Akanitemea.

Mwenzangu, ilinikata. Uji wa muuguzi asiyemjua anameza, uji wangu mimi niliyemfulia mashuka anautema. Nilikwenda jikoni nikalia huku nikisugua sufuria, nikimtukana kimoyomoyo, kisha nikaomba toba kwa kumtukana mgonjwa, kisha nikamtukana tena.

Akakonda. Mashavu yakaingia ndani, pete ikamtoka kidoleni yenyewe. Daktari akamtazama koo mara ya pili, akasema koo halina neno, anakataa kwa hiari yake. Akatupa njia mbili: arudi hospitali atiwe mpira wa kulishia puani, au tumwache kama anavyotaka. Akasema tusikawie kuamua.

Zubeiri akaja kutoka Muheza, anakofanya biashara ya machungwa. Alileta gunia zima, utadhani aliyeugua ni mji. Akasimama mlangoni akamtazama baba, macho yakamjaa.

"Shikamoo baba."

"Basi," alijibu baba.

Tukatoka barazani. "Umesikia mwenyewe," Zubeiri akaniambia. "Mzee amesema basi. Mtu mzima akisema basi, wewe unamtia mpira puani wa nini? Wa kumtesa?"

"Anasema basi hata akitaka mto."

"Chakula anakitema, Mwatima. Hapo kuna tafsiri gani nyingine?"

"Mlishe wewe basi, labda kwako atakula."

"Mimi siwezi. Moyo wangu haustahimili kumwona vile."

Haustahimili. Wangu ni wa mbao. Lakini nikikuambia kwamba niliona amekosea nitakuwa mwongo. Usiku na mchana nilikuwa najiuliza jambo hilo hilo. Kama baba amechoka na dunia, nani mimi wa kumfunga kwa mpira? Na kama hajachoka, basi mimi ndiye ninayemzika akiwa hai. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie, na mtu huyo alikuwa na neno moja.

Ilikuwa Ijumaa. Zubeiri aliporudi msikitini alinikuta nimeweka beseni la maji chumbani kwa baba, nimepanga kalamu zake zote kwenye kitambaa juu ya kitanda. Sikuwa na ujanja mwingine. Tulipoanza kuzifungua, macho ya baba yalifunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu aanguke. Aliifuata kila kalamu. Zubeiri alipokaza moja vibaya baba akanguruma, na Zubeiri, mtu na ndevu zake, akasema, "Samahani baba," akaifungua upya. Kwa muda mdogo tulikuwa watu wa mkekani tena.

Nikaijaza wino kalamu ile aliyoipenda, nikaweka ubao mapajani mwake na karatasi juu, nikamtia kalamu katika mkono wake mzima. Mkono wa kushoto.

Aliitazama. Akanitazama mimi kama niliyemvua nguo mbele za watu. Kisha akaitupa. Ilinigonga kifuani, wino ukaruka. "Basi."

Hapo hasira ikanipanda, na sikuizuia. "Mungu amekuachia mkono mmoja, baba, huo huo. Unamtupia nani?" Zubeiri akasema nimheshimu mzee. Nikamwambia anyamaze. Nikaiokota kalamu kwa mashoto yangu, inavuja, wino unanitambaa vidoleni mpaka kiganjani, nikaandika mbele ya macho yake. Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, alizotufundisha mwenyewe, maana hizo zinatoka kulia kwenda kushoto, na mkono wa shoto unatangulia mbele, hauburuzi kitu. Miaka yote hiyo sikumwonyesha. Mstari ulitoka safi kabisa. Nilikuwa nimeandika: Baba, unataka kufa?

Zubeiri aliusoma akashika kichwa. Baba aliusoma taratibu. Akapitisha kidole chini ya mstari wote, akitafuta doa la kuburuza, tabia yake ya kusahihisha. Hakupata. Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu uliojaa wino. Akanyoosha mkono wake wa kushoto nikampa kalamu.

Ilimchukua muda mrefu. Ncha ikawa inakwaruza karatasi. Kafu. Lamu. Ye. Alifu. Akaiacha kalamu ianguke, akafumba macho.

"Kulia," akasoma Zubeiri. Akasoma tena. "Kulia. Umemuuliza kama anataka kufa, anakujibu kulia. Hakukataa, Mwatima. Anatuambia tulie. Baba anatuaga." Sauti ikamkatika. Akatoka nje na simu yake, nikamsikia akianza kuwapigia ndugu Moa, kisha Pemba, wajitahidi kufika.

Nikabaki nalia kama nilivyoamriwa. Nilimlaza kichwa chake kwenye bega langu. Alikuwa mwepesi, nikausikia moyo wake unavyopiga kwa mbali, nikasema sawa baba, sitakutia mpira, nisamehe, nenda. Sijui nilisema mangapi. Bakuli la uji lilikuwa pale pale mezani, limeshapoa. Nikafikiri nijaribu mara moja ya mwisho, nisije nikajilaumu. Nikataka kushika kijiko, nikauona mkono wangu ulivyo na wino, nikaogopa usiingie kwenye uji. Nikambadilisha upande, nikamkumbatia kwa shoto, nikachota kwa mkono mwingine.

Akafungua kinywa.

Akameza. Akafungua tena kabla sijachota. Nikakaa na kijiko hewani, nikakitazama kijiko, nikautazama mkono ulioshika. Mkono wa kulia. Mkono wa kulia chakula. Tangu siku ya kwanza nimemkumbatia kwa mkono huu, maana ndio wangu mzito, nikamlisha kwa ule wenye akili, ule wa mashoto, bila hata kufikiri. Mimi ambaye tonge langu mwenyewe halijapita kwenye shoto tangu utotoni. Na yeye alikuwa anaupiga mkono wangu, anaupiga mkono, na sisi tunatafsiri.

"Baba," nikamwambia, "si ungeninyooshea kidole tu." Alinyoosha kinywa.

Nikamwita Zubeiri kwa sauti mpaka jirani akatoka nje. Alikuja mbio, simu ingali sikioni, uso umelowa, akidhani amekuja kufumba macho ya maiti. Akakuta baba ana uji kidevuni. Simu ikawa inasema halo, halo, mazishi saa ngapi. Nikamwinulia kijiko, auone mkono. Baba yangu alikuwa na njaa. Siku zote zile nilikuwa nimekaa mbele yake na bakuli, na yeye ana njaa, na tulikuwa barazani tukijadili kama ana haki ya kufa.

Alimaliza lile bakuli. Akaligonga kwa kidole, nikamwongezee.