Mama Paa, Muuza Magari Anayejua Lipi Lina Dirisha la Juu

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla geti la yadi halijafunguliwa kwa wateja, mwanamke aliyevaa suti ya kijivu amelala chali kwenye kiti cha nyuma cha gari jipya. Viatu amevipanga chini kwenye saruji. Miguu inaning'inia nje ya mlango. Anatazama juu, anafumba jicho moja, kisha anaandika kitu kwenye daftari aliloliweka kifuani.

"Hili ni la daraja la kati," anasema bila kuinuka. "Kioo kinaishia kwenye kisogo cha dereva. Mimi huku nyuma naona kitambaa tu."

Wenzake wanamwita Mama Paa, na jina hilo hakulipata kwa masihara.

Gari linalotoka zaidi hapa ni jipi dogo la familia, lile fupi lililonyanyuka kidogo kuliko magari ya kawaida. Linakuja kwa madaraja matatu, na kwa nje yanafanana kama watoto wa tumbo moja. La chini, paa lake ni bati tupu. La kati lina kidirisha cha kioo juu ya viti vya mbele. La juu lina kioo kipana kinachotoka mbele hadi nyuma ya vichwa vya abiria wote, na nusu yake hufunguka kwa kubonyeza kitufe.

Kipeperushi cha rangi kinachogawiwa mlangoni kinasema tu "paa la kioo" kwa la kati na kwa la juu, basi. Kioo kinafika wapi, hakisemi. Hapo ndipo wengi huingia mkenge.

Mama Paa hakujifunza haya darasani. Kwa miaka sita alikuwa muosha magari katika yadi hii hii, akilipwa kwa siku. Mvua ikinyesha magari hayaoshwi, na yasipooshwa hakuna ujira. "Wenzangu mvua iliwaletea usingizi," anasema akicheka. "Mimi iliniondolea." Nyumbani alikuwa na mabinti wawili wa shule na mama yake mzazi, wote wakimtazama yeye.

Siku moja muuzaji alimwambia mteja kwamba madaraja yote yana paa la kioo. Muosha magari alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, kitambaa mkononi. Alijua si kweli, kwa sababu kioo hufutwa kwa kitambaa chake na bati kwa chake. Akasema taratibu kwamba hilo halina. Muuzaji akamkata jicho. Mteja akapanda kwenye stuli, akachungulia, akashuka, na badala ya kumrudia muuzaji akamuuliza mwanamke mwenye ndoo maswali mengine kumi.

Meneja aliyaona yote kupitia dirisha la ofisi yake. Wiki iliyofuata alimwita, akampa miezi mitatu ya majaribio. Leo anapata mshahara na kamisheni, karibu mara tatu ya alichokuwa akiokota kwa ndoo.

Lakini simulizi inayorudiwa zaidi katika yadi hii ni ya mwaka jana, na ilianza kwenye meza isiyo yake.

Mama mmoja fundi cherehani alikuja na binti yake kununua gari kwa ajili ya mumewe. Mumewe huyo, ambaye hapa wanamwita Mzee wa Kreni, aliendesha kreni za majengo marefu kwa miaka ishirini na sita, akishinda kutwa ndani ya kibanda cha vioo, juu kuliko ndege wengi. Kisha kiharusi kikampiga upande mmoja. Mara mbili kwa wiki alipelekwa mazoezi ya viungo, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuazima, macho kwenye dari. Alikuwa amekaa miezi akijibu kwa neno moja moja, na sasa alianza kukataa kwenda. Alimwambia mkewe kwamba anachoshwa kusafirishwa kama mzigo ndani ya sanduku.

Mkewe akaamua kwamba gari lao litakuwa na dirisha la juu, liwe liwalo. Familia nzima ilijikamua, na walichopata kilitosha daraja la kati, bila ziada. Muuzaji wa meza ya jirani alikwishajaza fomu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa yule mama.

Mama Paa alipita na chai yake, akasikia neno "mgonjwa" na neno "nyuma". Akasimama. Anasema aliogopa, maana kuingilia mauzo ya mwenzako ni kutafuta ubaya, na mwenzake huyo alibakiza gari moja tu atimize lengo la mwezi. Hata hivyo aliiweka chai mezani, akamwomba mama atoke naye nje mara moja.

Akamfungulia mlango wa nyuma wa gari la kati, akamwomba alale. Fundi cherehani alisita, kisha akavua kandambili, akalala.

"Mbona sioni kitu, mwanangu?"

"Ndiyo hivyo, mama. Kioo hiki ni cha walio mbele. Baba hataona mbingu."

Binti akageuka pembeni kufuta machozi. Muuzaji wa meza ya jirani, aliyewafuata nje, alirudi ndani, na baada ya dakika tano meneja akamwita Mama Paa ofisini. Alimuuliza kama anaelewa kwamba amewafukuza wateja waliokuwa tayari kulipa. Akajibu kwamba hajawafukuza, wako nje, na akaomba muda hadi saa nane mchana.

Alikimbilia daftari lake. Tangu aanze kuuza, kila gari linaloshuka kwenye lori hulipandia stuli na kuandika alichokiona kwa macho, maana anajua makaratasi hukosea. Alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia kiwanda kilituma magari machache ya daraja la kati yaliyofungwa kioo kipana cha daraja la juu. Yaliisha yote. Yote isipokuwa, kwa mujibu wa daftari, moja.

Hilo lilikuwa kwenye yadi ya pili ya kampuni, upande wa pili wa mji, limekaa miezi saba. Rangi yake ilikuwa ya haradali, na kila aliyeliona alicheka akapita. Mama Paa akapiga simu, akamwomba mlinzi wa kule apande juu aangalie paa. Mlinzi alilalamika kwamba suruali itachafuka. Akamwahidi atamfulia yeye mwenyewe.

Dakika zile za kusubiri jibu anazikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake, na anaapa hatanii. Mlinzi akarudi hewani akihema. Kioo kilikuwepo, chote, hadi nyuma.

Meneja, ambaye alikuwa amechoka na gari hilo lisilouzika, alilitoa kwa bei ya daraja la kati. Akaagiza pia kwamba kamisheni igawanywe na muuzaji wa meza ya jirani, aliyetimiza lengo lake na hatimaye akacheka.

Kesho yake walimleta Mzee wa Kreni. Alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, akalazwa nyuma kwa mito miwili, uso umekunjamana kama wa mtu aliyebebwa bila kuulizwa. Mama Paa akaketi mbele, akabonyeza kitufe. Pazia lililofunika kioo cha dari likaanza kurudi nyuma polepole, na mwanga ukamshukia mzee kifuani, shingoni, usoni.

Mkewe alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Ng'ambo ya ukuta wa yadi palikuwa na jengo linalojengwa, na mkono mrefu wa kreni ulikatiza juu ya kioo, ukisogea taratibu bila kubeba chochote.

"Amefungua breki," mzee akasema, kwa sauti nzito lakini iliyosikika. "Anauacha mkono ufuate upepo. Huyo dereva anajua kazi."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa nusu mwaka. Binti alianza kucheka, fundi cherehani akakaa chini palepale kwenye saruji, na mzee akaendelea kueleza, kwa yeyote aliyetaka kusikia, kwa nini kreni ikifungwa breki wakati wa upepo huweza kuanguka. Siku hizi hakosi mazoezi. Yeye ndiye huwaambia wawahi.

Wiki hii Mama Paa hatulii kwenye kiti. Barua imefika kwamba shehena ijayo, kwa mara ya kwanza, daraja la chini nalo litaweza kuagizwa na kioo kipana. Tangu asubuhi yuko kwenye simu, akiwatafuta watu kumi na mmoja walioondoka hapa mikono mitupu kwa sababu ya paa.

"Mwalimu, habari za siku? Bado unalitaka lile?" anauliza, kisha anausogeza mbali mkono wa simu, maana huko upande wa pili mwalimu anashangilia.

Anaweka alama na kumwonyesha mwandishi ukurasa. Majina yako kumi na mawili. La mwisho limeandikwa kwa wino mpya, kwa herufi kubwa, na ni lake mwenyewe.

"Rangi yoyote," anasema. "Mabinti zangu wamegombana tayari nani atalala nyuma."