Nilimzika Kuka Facebook na Bado Anakula

Babu yangu alikufa Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Facebook.

Dakika hiyo hiyo yeye mwenyewe alikuwa kijijini Shinyalu, anacheza ngoma ya isukuti nyuma ya ng'ombe wake.

Mimi ndiye niliyemuua. Msinitukane bado, wacheni nimalize.

Naitwa Jael. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Kakamega mjini. Ukinikuta darasani utadhani nimekuja kufagia. Mwalimu akiuliza swali nainamia daftari kama natafuta sindano iliyopotea. Na kuongea kwa simu ndio naogopa kabisa. Mtu akinipigia naiangalia ikilia mpaka ichoke, halafu namwandikia, "Ulikuwa unanitafuta?"

Lakini huko mtandaoni, wueh! Huko mimi ni Queen Jaeli wa Mulembe, wafuasi elfu sita, na mdomo haulali.

Muhula huu mhadhiri wetu wa saikolojia alitupa fomu tujaze kuhusu tabia zetu na masaa tunayokaa kwa simu. Yangu iliporudi ilisema mimi ni mtu wa haya na wasiwasi mwingi, na watu wa sampuli yangu ndio simu inawameza wazima wazima.

Nilifanya nini? Niliipiga picha nikaiposti. Laiki tisini.

Sasa hiyo Jumamosi niko hosteli, hata sijanawa uso, simu iko puani. Binamu yangu Tyson akatuma video kwa grupu ya familia. Hakuandika hata neno moja.

Video yenyewe ni ya sekunde kumi na mbili. Unamwona Sirikali, fahali wa Kuka, amefungwa majani kwenye pembe. Watu wanamkimbiza barabarani, ngoma za isukuti zinalia, vumbi tupu, akina mama wanapiga mayowe.

Kuka ni babu kwa lugha yetu. Na kwetu fahali wa mzee akitolewa na ngoma namna hiyo, ni mambo mawili tu. Ama ng'ombe anaenda uwanjani kupigana na mwenzake, ama mwenyewe amefariki na wazee wanamlilia kwa kukimbiza ng'ombe.

Kuka alikuwa amekohoa wiki mbili. Tena alikuwa ametuapia kanisani kwamba mambo ya uwanja ameachana nayo. Kwa hivyo mimi nikaamua ni hilo la pili.

Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi niliwaza kitu kimoja: Tyson atanitangulia kuposti.

Na niseme ukweli. Kabla sijalia, kwanza nilitafuta picha ya mimi na Kuka ambayo mimi nimetokea vizuri.

"Lala salama Kuka Shikanga, shujaa wangu. Pengo lako halitazibika."

Dakika kumi, laiki mia mbili. Watu wa Nairobi, watu wa Mombasa, mpaka jamaa fulani yuko Qatar. Wanafunzi wenzangu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu wakaniandikia pole. Shantel, tunayelala chumba kimoja, akanikumbatia akalia kuliko mimi.

Hapo ndipo na mimi nikalia. Nililia kweli, jamani, kwa sababu yule mzee nampenda.

Niko katikati ya kamasi nikaona komenti ya Tyson.

"We Jael uko na wazimu? Sirikali ameshinda! Kuka huyu hapa anaruka!"

Na picha. Kuka amebebwa mabegani na vijana, mdomo wazi, fimbo juu.

Nikasema asante Mungu. Nilisema kwa moyo wote. Halafu nikaangalia juu kidogo, nikaona laiki zimefika mia nane na arobaini.

Nikaificha ile komenti ya Tyson.

Ndiyo, niliificha. Nilijiambia zikifika elfu moja nafuta.

"Jael," Shantel akaniambia, alikuwa ananichungulia begani, "babu yako yuko hai na wewe unangojea elfu?"

"Ni dakika tano tu."

"Wewe ni mgonjwa, aki. Amka uende kwenu kabla watu hawajafika na hema na sufuria."

Nikapanda pikipiki. Kufika Shinyalu laiki zilikuwa elfu moja na mia mbili, na sikuwa nimefuta.

Nilimkuta Kuka nje ya nyumba, anampangusa Sirikali matope kwa kitambaa, anamsifu kwa sauti ya chini.

"Mulembe, Kuka."

"Mulembe, mjukuu wangu! Umesikia tulichowafanya watu wa Iguhu?"

Nilipiga magoti palepale kwenye samadi nikamweleza yote. Alinisikiliza akikunja uso.

"Nimekufa wapi?"

"Facebook, Kuka."

"Huko ni mbali na hapa?"

"Kuka, ni kwa simu. Watu wanaandika pole. Nisamehe, nafuta sasa hivi."

"Ngoja. Wanasema nini?"

Nikamsomea. Mzee akavuta kiti. Alipendezwa vibaya sana.

"Huyo jirani Cornelius aliyeko Nairobi amesema aje?"

"Amesema ulikuwa mtu wa watu, kijiji kimepoteza taa."

"Mwongo huyo! Miaka sita hatusalimiani juu ya mpaka wa shamba!" Akacheka mpaka akakohoa. "Soma mwingine. Soma wa Qatar."

Nilisoma karibu saa nzima. Halafu akaanza kukunja kile kitambaa.

"Zipporah ameandika?"

Hapo nikajua mambo yamebadilika.

Zipporah ni senje wangu, yaani dada ya baba, binti wa pekee wa Kuka. Miaka kumi na moja hakuwa amekanyaga pale nyumbani. Siku kukhu, nyanya yangu, anafariki, Kuka alikuwa uwanjani na fahali. Walimtumia watu mara tatu, akawa anasema wacheni ng'ombe amalize. Alipofika nyumbani, mke wake alikuwa ameshafunikwa shuka.

Baada ya mazishi Senje alisimama mbele ya watu wote akamwambia, "Nitarudi hapa siku ya kukuzika wewe." Akaenda zake Mumias kwa mume wake, na tangu siku hiyo simu za Kuka hakushika.

Nikatafuta jina lake kote. "Hajaandika, Kuka."

Nikaenda kufuta. Kuka akanishika mkono.

"Usifute. Wacha nife mpaka kesho."

"Kuka!"

"Uliniua bila kuniuliza. Mimi nikikuomba siku moja tu, unakataa?"

Nikaondoa kidole.

Kazi yangu ikawa kuangalia simu. Fikiria, maisha yangu yote natafuta mtu wa kunipa kazi kama hiyo, na siku niliyoipata nilitaka kuitupa simu. Komenti ziliingia kama mvua na hakuna hata moja niliyoitaka. Kila baada ya dakika mbili mzee anauliza, "Bado?" Namwambia bado. Obusuma, ugali wetu, ikaletwa, akaisukuma.

"Labda huko Mumias hawana hiyo Facebook," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nilijichukia.

Jumapili, watu bado wako kanisani, Tyson akaja mbio kutoka barabarani.

"Senje anakuja! Anatembea kwa miguu!"

Mzee wa miaka sabini na minane, mgonjwa wa kifua, sijui nguvu zile alizitoa wapi. Aliruka ndani, akajitupa kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Kuka, usifanye hivyo, tafadhali."

"Nyamaza. Lia," akasema huko chini ya shuka.

"Siwezi."

"Na kwa simu ulilia aje?"

Senje akaingia. Hakupiga mayowe, hakujiangusha chini. Viatu vilikuwa vimejaa vumbi, kitambaa cha kichwa kimelegea. Alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akaitazama ile shuka.

Shuka ikaanza kutikisika. Kikohozi kilikuwa kimembana mzee.

"Kohoa tu, Baba," Senje akasema. "Utajiumiza."

Alikohoa dakika nzima. Mimi na Tyson tulikuwa tunaangalia ukuta.

"Nani amekwambia niko hai?" Kuka akauliza alipopata pumzi.

"Nilishuka pikipiki hapo sokoni nikilia. Mama wa mboga akaniuliza namlilia nani. Nikamwambia baba yangu, Shikanga. Akaniambia, 'Shikanga gani, huyu aliyepita hapa jana akiruka na ng'ombe?'"

"Na hukurudi?"

"Niliita pikipiki mara mbili nirudi. Mara mbili nikaifukuza." Akapangusa macho na kitambaa cha kichwa. "Baba, nimelia kutoka Mumias mpaka hapa. Kila mtu njiani ameniona. Nikajiuliza, kama ni hivi na bado uko hai..."

Kuka alijiinua akaketi.

"Ile siku ya mama yako, walikuja kuniita mara tatu. Nilisikia zote tatu, Zipporah. Sina la kujitetea. Nisamehe, mwanangu."

Nikasikia kitu kinabonyezwa kando yangu. Tyson alikuwa anarekodi. Nilimnyang'anya simu nikaikalia. Mimi, Queen Jaeli!

"Nilisema nitarudi siku ya kukuzika," Senje akasema.

"Basi keti ungoje," Kuka akamjibu.

Senje alicheka. Alicheka na machozi yanamwagika, akampiga mzee begani, kisha akaweka kichwa chake hapo hapo alipopiga. Nilitoka nje nikalia kando ya Sirikali, na hakukuwa na mtu wa kuniona.

Ingokho, kuku wetu wa mgeni, ilichinjwa. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na mwanamke hata haiulizii, Kuka aliichukua kwa mkono wake akaiweka kwa sahani ya Senje. Tyson macho yalimtoka.

Alipomaliza kuila, Senje akanigeukia.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, Senje."

Kofi moja, la moto.

"Hilo ni la machozi ya kutoka Mumias. Sasa njoo nikusalimie vizuri, umekuwa mkubwa."

Nilidhani yameisha. Kuka akasafisha koo.

"Huyu alinizika kwa vidole," akasema. "Atanifufua kwa mdomo."

Hukumu ilikuwa hiyo. Ndugu, jirani na rafiki wote walioandika pole nitawapigia mmoja mmoja, kwa sauti yangu, yeye ameketi hapo anasikia. Tulihesabu sitini na tatu. Afadhali angenifunga kamba na Sirikali.

Nilianza na Cornelius. Nilibonyeza jina lake mara mbili nikakata, ya tatu nikaacha ilie.

"Haro?"

"Ni Jael, mjukuu wa mzee Shikanga. Nilitaka kusema... Kuka hajafa. Yuko hai."

Nilimsikia akizima redio.

"Pole sana," akasema.

Kuka alicheka mpaka tukamletea maji.

Nilimaliza Jumatano, sauti imekauka kabisa. Wengine walinitukana. Wengine walifurahi wakapiga kelele wakiwa kazini. Mmoja alikuwa ameshapanda gari kutoka Mombasa, huyo sitawaambia alichosema. Ile posti niliifuta ikiwa na laiki elfu tatu na kitu, na nisiwadanganye, iliniuma.

Simu sijaiacha, kwani hii mnaisomea wapi sasa hivi? Lakini siku hizi kabla sijamwandika mtu, nampigia kwanza. Bado naogopa. Wengi hawashiki, na wengine wakiona ni mimi wananikatia.

Nawapigia tena. Na wewe unayesoma hii ukiwa umelala, fanya hivyo hivyo: mtu wako mpigie simu wakati bado anaweza kukukatia.