Susu za Njiwa Shambani kwa Arbab

Mama akianika nguo kwenye balkoni yetu hapa Naif, mtaa wetu katika nchi ya Waarabu, hanga za waya hugongana, na mimi husikia njiwa waliokufa. Najua inavyosikika hiyo. Wenzangu darasani wakisikia waya ukigonga waya hawakumbuki kitu. Mimi nakumbuka shamba la ngano, udi wa arbab, yaani tajiri wa Baba, ukichanganyika na jasho lake, na kibofu changu kikiomba dua.

Kati ya hanga hizo kuna moja ambayo si hanga. Ina mguu mmoja mrefu wa chuma wa kuchomeka ardhini, na juu yake mbavu mbili za waya zilizopinda kama mikono ya mtu anayepokea mtoto mchanga. Mama huanikia soksi. Zamani mgeni akiuliza hiki ni nini, mimi ndiye niliyekuwa nikirukia jibu, kifua mbele, na hadithi yangu ilichukua vikombe viwili vya chai. Siku hizi namwachia Mama aseme ni hanga tu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa, na bado ni, msimamizi wa shamba la arbab mmoja, mwendo wa saa nzima kutoka mjini, kule ambako minara ya Marina inaonekana kwa mbali kama meno ya kitana kilichovunjika. Nyumbani alikuja siku moja kwa wiki, akinuka majani na mbolea, akilala kwenye kile kipande chetu cha fleti kilichogawanywa kwa mbao nyembamba, hivi kwamba jirani akipiga chafya sisi ndio tunaomwambia yarhamukallah. Likizo ya shule ilipofika nikapelekwa shambani kukaa naye, maana Mama alikuwa akipaka wateja hina kwenye saluni moja huko Al Mankhool, na mwenye saluni alishaniona mara moja tu, ikatosha. Wao walitia hina vidole vya mteja, mimi nikamtia hina paka. Yakaishia hapo.

Mwaka huo nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu, na jambo lenyewe ni macho ya Bibi. Bibi, mama yake Baba, yuko Malindi. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba nuru inayoondoka hairudi. Kwenye simu ya video alikuwa akituonyesha paji la uso na dari, akimtafuta Baba kwa jina, "Kassim yuko upande gani?" Kisha anasema lile lile, bila kulia, kama mtu anayeagiza sukari: "Mwambieni aje nimuone, macho bado yana kazi kidogo."

Baba alikuwa hajakwenda kwao miaka minne. Pasipoti yake ilikaa kwenye kasha la arbab, kwa usalama, ilivyosemwa, ingawa sikuwahi kusikia mwizi aliyevunja nyumba kwa ajili ya pasipoti ya baba yangu. Akiomba likizo anajibiwa inshallah. Na inshallah ya arbab haikuwa na tarehe.

"Mfurahishe," Mama alikuwa akimwambia kila wiki, huku mimi nikijifanya nimelala. "Moyo wake ukilainika atatia saini. Kwani atakataaje mtu akiwa anacheka?"

Mimi nikalihifadhi neno hilo. Ndiyo bahati mbaya yangu, nahifadhi maneno nisiyoambiwa na kusahau ninayoambiwa.

Arbab mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mnene, mchangamfu, mifuko imejaa njugu za pistashio, na alipenda vitu vipya hadi vikaacha kuwa vipya. Mwaka uliotangulia alipenda nyuki. Mwaka huo alisafiri mahali fulani kwenye baridi, akaona watu wakipiga njiwa wanaovamia mashamba, akarudi na ugonjwa huo. Ngano yake ilikuwa imeanza kuiva, na njiwa walikuwa wakiishukia makundi kwa makundi. Akatafuta kibali cha bunduki, kibali cha kupiga njiwa, kibali cha sijui nini. Bunduki ile ilikuwa na karatasi nyingi kuliko fleti yetu nzima. Akaleta pia sanduku la zile waya. Baba akazitazama, akacheka, akaziita susu, kwa sababu zilimkumbusha susu ya kumlazia mtoto kwao Malindi.

Kazi ya susu ni hii. Unamchukua njiwa aliyekufa, unamlaza juu ya zile mbavu kifudifudi, unamfungua mabawa na kuyabana kwenye waya, unamwekea kijiti chini ya kidevu ili kichwa kisianguke. Halafu unachomeka mguu wa susu kati ya ngano. Kwa mbali anaonekana anatua kula. Njiwa wenzake wakipita angani wanasema, ala, fulani kashafika, kumbe kuna karamu. Wanashuka. Na arbab anawangoja kwenye kibanda cha nyavu na makuti, bunduki mkononi.

Njiwa wetu wa chambo walikuwa sita. Walikaa kwenye friza ya shamba, jirani na aiskrimu ya arbab ya pistashio. Sitasema zaidi kuhusu aiskrimu ile.

Jumamosi mbili zilizotangulia njiwa hawakushuka. Walikuja, wakazunguka mara moja juu ya susu, wakaona kitu wasichokipenda, wakageuza. Siku nyingine zote walikula ngano kama mali ya mjomba wao, ila Jumamosi hapana. Arbab alikuwa amechoka. Mimi, niliyefika katikati ya wiki, nilizunguka shamba nikiwaza kwamba arbab asiyecheka hatii saini.

Ijumaa jioni Baba alichomeka susu shambani tayari kwa kesho, njiwa wakabaki kwenye friza. Niliziangalia tu nikajua kosa. Jamani, mimi ni mtoto wa Naif. Dirisha letu linatazama viyoyozi arobaini, na juu ya kila kiyoyozi kuna njiwa. Nimewatazama kuliko nilivyotazama vitabu, walimu wangu ni mashahidi. Njiwa hatui huku upepo unampiga mkiani. Anatua kama zile ndege zinazopita juu ya Deira kwenda uwanjani, pua kwenye upepo, mabawa yamekaza. Susu za Baba zote zilikuwa zimegeuka kinyume, mikia kwenye upepo. Tena alizipanga mstari mmoja ulionyooka, kama gwaride la shule. Njiwa gani anakula kwa gwaride?

Nikawaza, masikini Baba, hajui. Miaka yote shambani na hajui.

Alfajiri alipokuwa akiswali nikawahi friza. Baba alishanionyesha wanavyofungwa, kwa hiyo mkono haukunisumbua, isipokuwa baridi. Nikachukua sita wangu, nikaenda, nikang'oa susu zote, nikazipanga upya: mbili huku, moja kule, tatu kando, katikati nikaacha nafasi ya kutua, na kila mdomo ukatazama upepo ulikotoka. Nikarudi mbio. Baba alipouliza njiwa wako wapi nikamwambia, "Nishawaweka, Baba, kwenye susu zako. Wewe kunywa chai." Hakuna uongo hapo, ukikagua neno kwa neno.

Arbab akafika kabla Baba hajatoka kuhakiki. "Yalla, Gasim, yalla, jua," alituharakisha, akilitamka jina la Baba kwa Kiarabu chake, na sote watatu tukaingia kibandani.

Kibanda kile kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja na nusu. Arbab alikuwa ndiye huyo mmoja na nusu. Mimi na Baba tulikaa kwa ruhusa ya nyavu. Kuinuka hakuna, kukohoa hakuna, kutoka ndiyo kabisa hakuna, mpaka arbab aseme khalas, yaani basi. Makuti yalinichoma shingoni. Goti la arbab lilikuwa limeegemea mbavu zangu kama mkungu wa ndizi. Na chai niliyoinywa kwa furaha ya ushindi ilianza kudai haki zake.

Baba akaweka jicho kwenye tundu la wavu. Nilikuwa nikimtazama, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake utakapoona. Nikauona. Alizitazama susu kwa muda mrefu, kisha akageuka akanitazama mimi. Nikampa tabasamu langu lote, na pengo la jino juu. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, akauacha hapo. Ulikuwa mzito na ulikuwa na joto, na mimi nilijua kabisa maana yake. Maana yake ilikuwa: mwanangu, umetuokoa.

Akasema kwa Kiarabu, polepole, "Arbab, nitoke kidogo nirekebishe."

"Kaa," arbab akamnong'oneza. "Wanakuja."

Na kweli walikuja. Walikuja kutoka upande wa mitende, kumi, ishirini, wakazunguka mara moja, na hawakugeuza. Wakakaza mabawa, wakaingia kwenye ile nafasi niliyowaachia kama wageni walioonyeshwa mkeka. Arbab akasema bismillah, na masikio yangu yakalia hadi adhuhuri. Wakaanguka. Wengine wakaja. Manyoya yaliingia hadi kibandani, yakanata kwenye jasho letu. Arbab alikuwa akicheka kila risasi kama mtoto anayetekenywa, na mimi nilikuwa nikihesabu kila cheko kama herufi ya saini yake. Kibofu kilinishinda mara moja, kidogo tu, nikasema ni maji ya chupa. Baba hakugusa bunduki wala chupa. Alikaa amekunja magoti, mgongo kwenye makuti, akitazama njiwa mmoja wa chambo aliyekuwa karibu nasi, mabawa yamefunguliwa sawasawa, anatua, anatua, asitue.

Arbab alipotoka kibandani alimkumbatia Baba hadi miguu ikaacha ardhi. "Gasim, wewe ni daktari wa njiwa. Umejificha wapi siku zote?"

"Ni huyu," Baba akasema, akinionyesha. "Yeye ndiye aliyepanga."

Angeweza kunyamaza. Arbab akanipa susu moja, ya kwangu kabisa, akasema mimi ni arbab mdogo. Kisha akamgeukia Baba na kumwambia kwamba kila Jumamosi sasa, mpaka ngano iishe, na ataleta ndugu zake, na mwakani atalima eneo mara mbili, na hakuna mtu mwingine wa kumwachia kazi hii.

"Na safari yangu, arbab?"

"Inshallah, Gasim. Baadaye, inshallah."

Mimi nilisikia inshallah nikaona tumeshafika. Mtu alikuwa anacheka, si ndiyo Mama alivyosema? Narudi Naif na susu yangu begani kama bunduki, naitundika ukutani, nasimulia.

Baba alikwenda Malindi mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye. Alipotupigia kutoka huko alikuwa akicheka. Alisema Bibi alimkalisha chini, akampapasa uso kwa mikono miwili, polepole, kama anayechagua embe sokoni, kisha akasema, "Pua ni ya Kassim. Haya masikio umeazima wapi?" Tulicheka sote, mimi kuwashinda wote. Nilimwigiza Bibi siku nzima, nikimpapasa Mama uso jikoni, na Mama akinitoa mikono. Sikujiuliza kwa nini Bibi alipapasa. Nilijiuliza tu kuhusu masikio.

Mwaka jana, nikiwa na miaka kumi na tano na kidomo changu chote, walikuja wageni kutoka Mombasa, nami nikaanza hadithi ya susu. Nilipofika kwenye mikia na upepo Mama akasema, "Twaha, njoo unisaidie jikoni." Jikoni hakukuwa na kazi. Alisimama mbele ya sinki, akafungua maji ili wageni wasisikie.

"Baba yako amekulia shambani," alisema. "Unadhani hajui njiwa anatuaje?"

Ndipo akaniambia. Baada ya Jumamosi ile ya pili arbab alikuwa amechoka na mchezo, akamwambia Baba: njiwa wasiposhuka wiki hii, khalas, tunafyeka ngano tunawapa ngamia, na wewe nenda kamuone mama yako. Baba alizigeuza susu kwa mikono yake, moja moja. Hakumwambia mtu mpaka jambo liwe, hata Mama. Alibakiza Jumamosi moja tu.

"Mbona hakuniambia?" niliuliza.

"Amekukataza nani kumuuliza?"

Ilinichukua wiki tatu, mimi ambaye huropoka hata kwenye mtihani. Baba alikuwa amekaa balkoni, anakata kucha, siku yake ya mapumziko. Nikamuuliza huku nikitazama viyoyozi. Alimaliza kidole kwanza.

"Ulikuwa umezipanga vizuri," alisema. "Mimi mwenyewe nisingezipanga hivyo. Sasa ningekuambia nini?"

Akaendelea na kidole kingine. Kisha akauliza kama shule bado wananitesa, nikasema mimi ndiye ninayewatesa, akacheka. Kesho yake alfajiri akapanda gari la shamba. Arbab siku hizi anapenda mbuzi wa maonyesho, lakini ngano bado inalimwa, na hakuna mtu mwingine wa kumwachia.

Susu niliishusha ukutani mwenyewe. Kutupa nilishindwa, nikaifunga kwa waya kwenye nguzo ya balkoni, Mama akaipatia kazi ya soksi. Jioni upepo unapoanza kuingia kutoka upande wa hori, ule mkono wa bahari, naenda kutazama unavuma kutoka wapi, kisha naigeuza, mbavu zake zikiupa upepo mgongo, kama alivyozigeuza yeye. Njiwa wa viyoyozi wananitazama. Hata mmoja hajawahi kutua.