Mgeni Hahesabiwi, Bomba Likaenda Kwingine

Saa moja asubuhi Zorobabel anabisha mlango wa mabati kwenye avenue ya Matofali, mjini Butembo. Daftari liko kwapani, viatu vimeshika tope jekundu hadi kwenye kamba. Mama Bénite anafungua, ufagio mkononi.

"Papa Carte! Umerudi tena? Ile carte yako ya kwanza, ile ramani, tulishaikunywa, haikutoa kiu."

Zorobabel hacheki. "Mama, usiku wa leo balilala batu bangapi humu?"

"Nilikuambiaka. Tuko batano."

"Hapana, siulizi hivyo. Batu balilala bangapi? Na bale ba salon?"

Mama Bénite anashusha ufagio, anatupa jicho sebuleni. Anahesabu kwa vidole, vidole vinaisha, anaanza upya. Kumi na saba.

Zorobabel anaandika. Mwaka jana, kwa nyumba hii hii, aliandika tano.

Ana miaka arobaini na sita. Shule aliiacha darasa la nne. Kwa miaka ishirini alisukuma baiskeli ya makaa na viazi kutoka Musienene, kwa hiyo hakuna kichochoro asichokijua. Ndiyo maana shirika moja lilimpa simu na kazi: apite nyumba kwa nyumba, abonyeze kwenye ramani mahali nyumba ilipo, aandike idadi ya watu na chemchemi wanakoteka maji. Dola tano kwa siku. Alipita nyumba 412 za mtaa mzima.

"Nilikuwa najivuna," anasema. "Simu kubwa mukononi, batoto nyuma yangu. Nikajiona ingénieur."

Swali kwenye simu lilikuwa fupi: mko wangapi katika familia? Watu wakajibu jinsi Wanande, wenyeji wa Butembo, wanavyojibu. Nyumba za Matofali zimejaa waliokimbia mauaji upande wa Beni, wengine huu ni mwaka wao wa tatu. Lakini mgeni hahesabiwi. Kumhesabu ni kumwambia kwamba tonge lake linaonekana.

Siku ya mkutano wa kamati ya maji, wa kuamua bomba la kwanza liwekwe wapi, ramani ilimulikwa kwenye shuka jeupe darasani. Avenue ya juu, isiyo na wageni wengi, ilikuwa nyekundu: watu wengi, chemchemi moja. Matofali ilikuwa kijani, kana kwamba watu wake wana maji ya kumwaga. Wajumbe wakanyoosha mikono. Bomba likaenda juu. Hakuna aliyeiba kura, hakuna aliyehongwa. Angekuwepo mwizi, Zorobabel angepata mtu wa kumtukana.

"Nilisimama, nikasema: lakini kwetu batu ni bengi! Henri, président wa comité, akanijibu: Papa Zoro, si hizi namba, chiffres, ni zako?"

Matofali wanaendelea kunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya vyoo. Tangu mvua zianze, watoto tisa wamelazwa kwa homa ya matumbo. Mmoja wao ni Hadassa, mwenye miaka tisa, anayelala nyumbani kwa Zorobabel mwenyewe.

Hapo ndipo penye uchungu. Hadassa ni binti wa Sophie, dada wa mke wa Zorobabel, aliyekimbia Mulekera, upande wa Beni, na watoto sita. Wamekaa kwake miaka miwili. Na siku alipojaza nyumba yake kwenye simu, Zorobabel aliandika sita.

"Mimi, bibi yangu, batoto bane. Sophie alikuwa amekaa pale pale, anachagua maharagi. Ningemuandika namna gani? Angefikiri namufukuza."

Hadassa alilazwa siku kumi na moja. Amepona, ila nywele zimemtoka, na hataki kwenda shule kuchekwa.

Kumebaki bomba moja. Kamati imempa Zorobabel hadi mwisho wa mwezi kuhesabu upya avenue yake. Simu ilikwisha kurudishwa, na malipo hakuna. "Utuletee chiffres, hapana machozi," Henri alimwambia.

Katika nyumba 97 alizomaliza, idadi ya watu imepanda kutoka 540 hadi 1,310. Si wote wanaofungua. Mzee mmoja alimfokea, "Unataka kuhesabu bageni bangu kama mbuzi?" Mlango ukafungwa.

Nyumba yake mwenyewe Zorobabel aliiruka, siku baada ya siku. Jana jioni Sophie alichukua daftari mezani, akapekua.

"Shemeji, nyumba hii haiko humu."

"Bado."

"Andika. Tuko saba." Akamsogezea daftari. "Lakini ujue, shemeji. Siku unaniandika hapa, siko mugeni tena. Shamba yangu ya Mulekera, ni kusema nimeiacha."

"Basi tungojee kwanza."

"Tukingojea, Hadassa akunywe nini?"

Sophie akaomba kalamu, akaandika mwenyewe, jina moja baada ya jingine, polepole, saba. Kisha akaingia ndani na hakutoka kula.

Ijumaa Zorobabel atalipeleka daftari kwa kamati. Anaamini safari hii ramani itabadilika rangi. Akiulizwa anatarajia nini baada ya hapo, anatazama mlango wa jikoni, aliko Sophie, kabla ya kujibu.

"Nataka bomba. Halafu, Mungu akipenda, nataka siku moja nifute ile majina saba, kwa sababu benyewe barudi kwabo."