Ufizi Niliouonea Huruma

Nshainuka kwenye benchi hili mara nne, shoga yangu, na nikikaa tena miguu haitulii. Daktari wa meno yumo ndani anatayarisha vyombo vyake. Asubuhi aligusa jino langu la mbele kwa kichuma, likacheza. Akaniuliza nikiona damu kwenye fizi nafanyaje.

"Naacha mswaki siku mbili tatu, zipumzike."

"Hapo ndipo unapoharibu, mama," akasema. Akanieleza kuwa damu ile inaletwa na ukoga uliojibanza ukingoni mwa ufizi. Ukiachwa unakuwa mgumu, ufizi unavimba na kurudi nyuma, mpaka jino linakosa pa kushika. Ufizi unaotoka damu ndio wa kusafishwa, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala. Ule mgumu ataukwangua yeye leo. Jino huenda likapona, lakini nisiache tena mswaki.

Basi tangu hapo roho yangu ipo Kikwajuni, nyumbani kwa bibi yangu aliyenilea. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa mswaki wake, ule wa mti. Nnaumenya ncha, nnauroweka kikombeni, nnauponda mpaka unatoa nyuzi, na ule ukali wake unanipanda puani. Bibi anakaa barazani anasugua, kwacha kwacha, hana haraka, ndipo tunywe chai ya mdalasini. Na meno alikuwa nayo! Muwa akiumenya kwa meno, anatugawia pingili moja moja, sisi watoto tumekodoa macho.

Ramadhani moja nikaona damu kwenye mswaki. Yallah! Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametufundisha kuwa ukimeza damu saumu imekwenda, na mimi kwa miaka yangu saba nilijiona shehe. Nikampokonya. "Bibi, saumu yako! Halafu unaumia!" Nikauficha mswaki nyuma ya pipa la unga. Yeye akacheka. "Haya mjukuu wangu, tuuache mpaka Idi."

Idi ikaja. Akajaribu, damu ikazidi, nami nikalia mpaka akauweka chini. Jirani akaleta maji ya karafuu ya kusukutua. Maumivu yakapoa, kila mtu akasema kapona. Kazi yangu ya asubuhi ikafa hivyo hivyo, na nikafurahi, maana nilipata kulala zaidi.

Jino la kwanza lilibaki kwenye muwa. Hata halikumuuma. Likafuata la pili, la tatu. Watu wakasema uzee, na mvi zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Miwa ikakoma kuletwa pale nyumbani, tukawa watu wa uji na mkate wa kuchovya.

Leo nimemuuliza daktari: mtu mwenye fizi kama hizo angeendelea na mswaki wake, meno yangebaki? Akasema pengine mengi angebaki nayo. Kasema kwa upole, hajui anamsema nani. Nimechukia, wallahi, na sijui nimchukie nani, mtoto wa miaka saba?

Nyumba ile sasa wanakaa wengine. Lakini kinachonikosesha kukaa ni hiki: mpaka anakufa, kila mgeni akija, bibi alikuwa akinishika mkono na kumwambia, "Huyu ndiye aliyenionea huruma," huku kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.