Vidole Chini ya Shuka

Jumamosi iliyopita nilimkera binti yangu katika buchari moja ya Lozells, huku ughaibuni. Nilisimama mbele ya nyama ya mbuzi, bei imebandikwa kwenye kioo kila mtu aione, kumbe mkono wangu umeshapenya chini ya mtandio na vidole vinafumba na kufumbua vyenyewe. Akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili yeye hukisikia tu, natafuta nini humo. Nikamwambia tulipe twende, tusije tukaachwa na basi la Hodge Hill.

Nilikuwa natafuta soko la mifugo la Garissa, rafiki yangu. Vumbi, mkojo wa ngamia, chai ya maziwa iliyonuka moshi. Pale bei haikutamkwa. Dalali na mwenye mnyama walishikana mikono chini ya shuka wakabonyezana vidole, kila kidole shilingi mia moja, na wambea waliosimama kando waliambulia kutazama nyuso tu.

Nyanya yangu alikuwa mjane, wala hakuwa wa kumpa mkono mwanamume asiye wake. Kwa hiyo mkono wake nilikuwa mimi, mtoto wa miaka minane. Mwaka ule macho yake yalianza kuingia ukungu, akaamua kuuza mbuzi mmoja apate nauli ya kwenda Nairobi kutibiwa. Njiani akaniambia dalali akifika vidole vitatu nikubali. Lakini mbuzi mwenyewe ni yule niliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Dalali hakusumbua hata kidogo, alibonyeza vitatu papo hapo. Mimi nikamkamata vyote vitano, nikang'ang'ania. Akanitazama, akacheka, akaenda zake.

"Mkono wako umesema nini?" nyanya akauliza.

"Ulichoniambia."

Tukarudi na mbuzi wetu, nami, Mungu anisamehe, nilirukaruka njia nzima. Ukame ukaingia. Akafa mbuzi yule na wenzake wote, na safari ya Nairobi ikaishia hapo. Nilipofika darasa la saba nyanya alikuwa haoni kabisa, mimi ndiye niliyemshika mkono kila alikokwenda.

Naambiwa siku hizi hata kule watu hupatana bei kwa simu. Nyanya alishazikwa. Mkono wangu tu ndio haujatulia, na najua sababu.

Alasiri moja, nyanya angali hai, tulikuwa tumekaa mlangoni, akauvuta mkono wangu chini ya shali yake. Akashika vidole vitatu, akangoja. Kisha akavishika vyote vitano.

"Alikuwa mbuzi mzuri," akasema, bila hasira yoyote.

Ningembonyeza kidole kimoja tu, angejua nimekiri. Niliuchomoa mkono, nikasema naenda kuteka maji.